SHAMBA LA KUNUSA: Vifuko vya Bafta

Aliyekuwapo wiki jana anajua tulipomwacha Bertha. Alikuwa Ngamiani, mjini Tanga, mbele ya nyumba ya harusi, viatu mkononi akivikung'uta mchanga, akisubiri kuitwa ndani ashukuriwe kwa zawadi yake. Badala ya kuitwa, akasikia ukelele. Ambaye hakuwapo asihangaike. Mambo yatamfikia kama yalivyomfikia Bertha, yaani usoni.

Ukelele ule haukuwa kigelegele. Bertha alikuwa mgeni wa pwani, lakini masikio yake hayakuwa mageni.

Mlango ukafunguka wakatoka wanawake saba. Wa mbele alikuwa Mwanaasha, mama wa bibi harusi, mwanamke mpana mwenye macho yasiyopepesa. Kikapu cha Bertha alikuwa kakining'iniza kwenye ncha ya mpini wa ufagio, kama mtu anayetoa panya aliyekufa.

Bertha akavaa viatu kwa haraka, akakosea miguu.

"Shikamoo, mama," akasema.

Hakuna aliyeitika. Na pwani, ndugu msomaji, shikamoo yako ikiachwa hewani namna ile, anza kutazama njia ya kupitia.

"Kikapu hiki chako?"

"Changu, mama. Ni zawadi ya bibi harusi. Vifuko ishirini, nimevishona kwa mkono wangu."

"Na kitambaa?"

"Bafta. Mpya kabisa, nimeinunua hapahapa Ngamiani."

Alisema kwa kujivuna, maskini. Kwao milimani Usambara, juu ya Soni, kwenye kanisa la Kilutheri alikobatizwa, nyeupe ndiyo nguo ya bibi harusi. Binti wa mchungaji alipoolewa alivaa nyeupe tangu utosi mpaka kisigino, na watu wakalia kwa uzuri wake. Basi Bertha akaona hakuna heshima kubwa kuliko kumfungia mwali wa watu lavenda yake ndani ya kitambaa cheupe. Nani angemwambia kwamba mji huu mtu akiingia dukani kuomba bafta nyeupe, mwenye duka hushusha sauti akauliza ni nani aliyefariki? Bafta ndiyo sanda.

Kama hilo halikutosha, kulikuwa na harufu. Lavenda ina ubaridi fulani unaopanda puani kabla ya utamu wake, na ubaridi ule ni jirani wa kafuri, ile karafuu maiti wanayonyunyiziwa waliokwisha oshwa. Sanda, kafuri, mara ishirini, tena imeletwa mlangoni na mwanamke asiyejulikana, siku ya ndoa. Hata wewe ungepiga ukelele.

Mwanaasha akauliza vifuko vile ni vya kazi gani. Hapo Bertha, badala ya kunyamaza, akaanza kufanya biashara. Akaeleza kwamba huwekwa pamoja na nguo za anayesafiri. Kwamba harufu yake haimwachi mtu, huenda naye aendako. Kwamba faida yake kubwa ni moja.

"Wadudu hawamgusi," akasema.

Mmoja wa wanawake akashauri aitwe polisi. Wa pili akashauri aitwe mwalimu asome Yasini. Wa tatu, na huyu ndiye wa kuogopwa, hakushauri kitu. Alianza kukunja mikono ya gauni lake.

Miguu ya Bertha ilimwambia akimbie. Lori la Lushoto lilikuwa linaondoka saa kumi na moja, na jua lilikuwa bado juu. Angefika stendi, angepanda, angelala kwao. Lakini angelala wapi na lile shamba?

Maana mambo yalikuwa hivi. Baba yake, mzee Fanueli, alitunza bustani ya bibi mmoja wa Kizungu miaka kumi na mmoja. Yule bibi alipofunga mizigo kurudi kwao, watumishi wengine waliomba masufuria na viti. Fanueli aliomba vipandikizi vya kile kichaka chenye maua ya zambarau. Akavipanda kwenye mteremko wa ukoo, palipokuwa na maharage, na kijiji kizima kikacheka. Walipaita shamba la kunusa.

Asiyecheka alikuwa mmoja tu, Noa, kaka mkubwa wa Fanueli, mwenye neno la mwisho juu ya ardhi ya ukoo. Huyu Noa hakucheka kwa sababu alikuwa amekasirika. Alitoa siku. Jumapili ya Mavuno, kila nyumba ikipeleka madhabahuni kile ilichokivuna, Fanueli naye apeleke kitu cha kuonyesha kwamba watu wamefaidika na kichaka chake. Akikosa, Noa atakwenda kuking'oa kwa mikono yake na kupanda viazi.

Leo ilikuwa Alhamisi. Jumapili ya Mavuno ilikuwa Jumapili hiihii. Fanueli kifua kilikuwa kimemlaza kitandani, ndiyo maana aliteremka Bertha, akitumaini zawadi moja ya harusi italeta wanunuzi, Bertha mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, hajaolewa, na majirani hawakuacha kumkumbusha. Asubuhi ya safari alimwomba baba yake ule mundu mdogo wa kukatia maua. Mzee akakataa. Akamwambia mundu ule utamtoka mkononi siku mbili tu: siku atakayomrithisha mtu shamba, au siku atakayokufa.

Basi Bertha hakukimbia. Alisimama na viatu vyake vilivyopishana.

"Mama, kama nimekosea nifundisheni," akasema. "Lakini sikuleta ubaya."

Mwanaasha akamweleza, kwa sauti ya chini ambayo ilitisha kuliko kelele, kwamba watu wa bwana harusi wako njiani kutoka Mkwaja, ndoa ni leo baada ya sala ya alasiri, na wakisikia kwamba mwali kaletewa sanda watageuza lori palepale. Binti yake atabaki na hina mikononi. Nani atakuja kumposa tena?

"Lete hapa," ikasema sauti nyuma yao.

Wanawake wakapisha. Aliyetoka alikuwa Bi Wanu, Mpemba, mwembamba kama ufito, somo wa bibi harusi. Ndiye aliyemweka ndani siku saba, akamsugua, akamfukiza, akamfundisha ya kufundishwa. Mtaani walisema pua ya Bi Wanu hutambua karafuu ilikaukia kwenye jamvi la nani. Akachukua kifuko kimoja, akakata uzi kwa meno, akamimina maua kiganjani, akayafikicha, akafumba ngumi. Akasubiri. Ngamiani nzima kama ilisubiri naye.

Akaifungua ngumi, akanusa.

"Si kafuri hii," akasema. "Kafuri huja yote mara moja ikaondoka. Hii imekuja, ikakaa, sasa yaleta mwenziwe nyuma." Akanusa tena, akakunja uso. "Lakini imelala na maji. Mliichuma saa ngapi?"

Bertha akajibu kwamba waliichuma alfajiri, na umande wake, wakaishindilia guniani iwahi lori, kama wanavyofanya kabichi.

"Ua si kabichi, mwanangu."

Hilo la kabichi lilimwuma Bertha kuliko lile la polisi, lakini hakupata nafasi ya kuumia vizuri. Mwanaasha alikuwa amekwisha amua kwamba hata kama kafuri si kafuri, bafta ni bafta, na vyote vikachomwe uani kabla lori la Mkwaja halijafika. Akamwaga kikapu barazani, akahesabu.

Akahesabu tena.

"Ulisema ishirini."

"Ishirini, mama."

"Hapa viko kumi na tisa."

Wote wakageuka kutazama ndani ya nyumba. Kisha wote wakakimbia kwa pamoja, na mlango ule haukujengwa kwa watu tisa.

Chumbani, juu ya kitanda cha harusi, Sabiha bibi harusi alikuwa amelala chali. Leso ilikuwa imemfunika mpaka kidevuni. Mikono, yenye hina mpya, ilikuwa imekunjwa kifuani, na katikati ya mikono ile kilikaa kifuko cheupe cha bafta.

Mwanaasha akamwita. Kimya. Akamwita mara ya pili, akamtikisa mguu. Mguu ukatikisika kama wa mwanasesere ukarudi ulipokuwa. Mara ya tatu hakumaliza jina.

Kilio kikaanza.

Na kilio cha Ngamiani hakihitaji simu. Kiliruka ua kwa ua. Wapanda baiskeli walishuka wakazikokota, wauza samaki wakafunika mabeseni yao, muuza kahawa akanyamazisha vikombe vyake. Wanawake wawili walimkamata Bertha mikono, huyu kulia na huyu kushoto, na yule aliyekuwa amekunja mikono ya gauni akamwambia taratibu, karibu na sikio, asithubutu hata kupiga chafya.

Kwenye kilio hichohicho, lori la Mkwaja likapinda kona.

Lilikuwa limejaa watu na nyimbo. Tari zilikuwa zinalia, mabinti wamesimama wanapunga vitambaa. Tari ya kwanza ikasita. Ya pili ikafuata. Ile ya mwisho, ya mzee mmoja asiyesikia vizuri, ilipigwa peke yake mpaka mtu akamshika mkono. Akashuka mama yake Bakar, yaani mama wa bwana harusi, amevaa buibui jipya, akauliza kwa utulivu wa mtu anayejua jibu halitampendeza:

"Nani kafa?"

Akaambiwa, bibi harusi.

Sasa Bertha. Watu wote mle ndani walikuwa wanalia, naye alikuwa hawezi kulia kwa sababu alikuwa anatazama. Alitazama ile leso. Ilipanda kidogo. Ikashuka. Akadhani ni machozi yanamchezea, ila hakuwa na machozi. Ikapanda tena.

Akamkumbuka yule bibi wa Kizungu wa baba yake. Kila jioni alisokomeza mashina ya lavenda chini ya mto wake, na kila asubuhi mpishi alilazimika kupiga sufuria mlangoni ndipo aamke.

"Niachieni," akasema.

Hawakumwachia. Basi akajivuta. Mkono mmoja wa gauni lake ukabaki na mwanamke wa kulia, ukiwa mtupu, na kabla yule wa kushoto hajajua amshike wapi, Bertha alikuwa amekwisha panda kitandani kwa magoti, viatu vilivyopishana na vyote, akambana Sabiha pua.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Maiti akampiga kofi.

Lilikuwa kofi kamili, la mtu mwenye afya, na lilisikika mpaka kwenye lori. Kilio kikakatika kama uzi. Mwanaasha akakaa chini palepale alipokuwa, sakafuni, miguu mbele, asijue acheke au aendelee.

Sabiha akajiinua, akafikicha macho, akawatazama watu waliojazana chumbani kwake na mwanamke mgeni mwenye gauni la mkono mmoja aliyeshika shavu.

"Mnalia nini?" akauliza. "Kuna msiba wa nani?"

Walipomwambia kwamba msiba ni wake, kwa sanda na kafuri ya yule mgeni, akaghadhibika. Aliwaambia hajalala siku nne. Usiku wa kwanza mashangazi walimfunda, wa pili walibishana juu ya walichomfunda. Singo ya kusuguliwa mwili mzima, udi chini ya kitanda, asumini kichwani, mpaka kichwa kikawa kinagonga kama kinu. Kikapu kilipopitishwa mbele yake, alichopoa kifuko kimoja akakinusa, akakiweka kifuani, na hakumbuki kingine.

"Ndicho kitu pekee humu ndani kisichonukia harusi," akasema.

Hapo ndipo watu walipomwona mama Bakar amesimama mlangoni. Alikuwapo tangu lile kofi. Alikuwa amesikia sanda, amesikia kafuri, amesikia yote, na Mwanaasha pale sakafuni akafumba macho kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Neno moja la mwanamke yule, na lori lingegeuka.

Mama Bakar akaingia. Akamtazama mkwe wake utosi mpaka unyayo. Akakiokota kifuko, akakinusa kwa muda mrefu.

"Mwanangu Bakar," akasema, "anakoroma kama mashine ya mkonge. Tangu utotoni. Sikutaka kuyasema haya kabla ya ndoa." Akamgeukia Mwanaasha. "Hivyo vingine viko wapi? Huyu mtoto atavihitaji."

Kigelegele kilichofuata, wasomaji, kilikuwa kigelegele hasa, na kama hukukisikia ulipokuwa basi ulikuwa mbali na Tanga.

Bi Wanu hakupiga kigelegele. Alikuwa na kazi. Alitoa leso kuukuu ndani ya sanduku lake, nyekundu na nyeusi, akaipasua vipande, akamkalisha Bertha uani na sindano. Bafta wakaitupa jikoni. Maua wakayaanika juu ya ungo, wakachagua yaliyoshika ukungu wakayatenga, na mazima wakayafunga kwenye vipande vya leso, si kwa mfuko wa pembe nne kama wa misheni, ila kwa umbo la kikuba, lile fundo la maua ya kunukia analobandika mwanamke kifuani. Vikatoka kumi na viwili tu. Bi Wanu akaviweka mstari, akavitazama kama mwalimu anavyotazama watoto waliooga.

Wakashona na kuzungumza, na mengi yalikuwa ya Bi Wanu. Alisema asumini yeye huichuma jioni, na kilua hukiwahi kabla hakijafunguka, maana kila ua lina saa yake na mwenye kulima ndiye wa kuliuliza. Bertha alikuwa amelima miaka mitatu bila kuuliza kitu. Aende akakae shambani siku nzima, anuse asubuhi, anuse jua likipanda, anuse adhuhuri. Ile saa ambayo umande umekwisha kauka na harufu imejaa, ndiyo ya kuchuma, na lori lingoje au lisingoje.

"Kisha uniletee mie," akasema. "Wewe ulime, mie nifunge. Kila harusi kutoka hapa mpaka Horohoro, kikuba chetu kiwemo. Waonaje?"

Bertha akaweka sindano chini. Alimshika yule bibi mkono, mkono wenye harufu za harusi mia moja, akaubusu, na Bi Wanu akaunyakua akajifuta akisema atalipwa kwa maua, si kwa mate.

Akampa kikuba kimoja cha kuondoka nacho. Kipande chake cha leso kilikuwa kimekatika katikati ya maneno, limebaki neno moja tu, "subiri". Bertha alicheka mwenyewe. Aliwaza sura ya mchungaji Jumapili, katikati ya maboga na mahindi, akikuta madhabahuni fundo la leso linalonukia. Aliwaza zaidi sura ya baba mkubwa Noa. Mtu asiyevua kofia yake hata kanisani, hata mchungaji akachoka kumwambia. Angefanya nini Noa akiona kwamba kile kichaka kimetuliza lori zima la Mkwaja?

Jua lilikuwa limeinama. Ndani sheikh alikuwa amekwisha fika. Bertha hakuweza kukaa. Saa kumi na moja ilikuwa inamwita, siku tatu zilikuwa zinamwita, umande wa kesho ulikuwa unamwita. Akaaga mbio, gauni lake la mkono mmoja likipepea, akapita ukumbini, akaruka viatu vya wageni, akatoka barazani.

Akasimama.

Upande wa pili wa njia, kando ya lori la Mkwaja, kulikuwa na gunia limeegemezwa ukutani. Limelowa chini. Udongo uliochuruzika kutoka kwake ulikuwa mwekundu, na Ngamiani hakuna udongo mwekundu.

Bertha akavuka. Akafungua mdomo wa gunia. Vichaka vya lavenda, vimeng'olewa. Akavipapasa, akaona havikung'olewa kwa hasira. Kila kimoja kilikuwa na bonge lake la udongo, kimevishwa maganda ya mgomba na kufungwa mafundo mawili mawili. Kati ya watu wote wa mteremko ule, alimjua mmoja tu anayefunga mafundo yale, naye ni baba yake.

Juu ya vichaka, ndani ya kitambaa, ulikuwapo ule mundu mdogo. Mpini wake ulikuwa umelika pale ambapo dole gumba la Fanueli lilikaa miaka yote ile.

Siku mbili tu, alisema mzee. Siku ya kurithisha, au siku ya kufa.

"Bertha."

Akainua uso. Baba mkubwa Noa alikuwa amesimama kivulini, amevaa koti lake la kanisani siku ya Alhamisi, udongo mwekundu umemjaa mpaka viwikoni.

"Shikamoo, baba mkubwa," Bertha akasema. "Baba yuko wapi?"

Noa hakuitika. Alimtazama, akatazama kile kikuba mkononi mwake. Kisha, polepole, mbele ya lori na watu wa Mkwaja na Ngamiani nzima, akavua kofia.